Kutoka Butembo hadi Mutwanga: moshi wetu na maji ya Ruwenzori

Wiki hii tunawapeleka safarini. Kutoka Butembo hadi Beni ni kama kilomita 54. Ukifika Beni unageuka mashariki, unashika barabara ya Kasindi, unavuka mto Semuliki, kisha unaacha barabara kubwa na kuelekea Mutwanga, chini kabisa ya mlima Ruwenzori. Tulikwenda wamama sita wa chama chetu. Jambo lililotupeleka lilikuwa moja: tulisikia kwamba kule umeme unatoka kwenye maji ya mlima, tena si tangu jana, tukataka kuona kama umeme huo umeondoa moshi jikoni.

Swali lilizaliwa kwenye mkutano wetu. Mama mmoja alisema redio kila siku inazungumza juu ya kupunguza hewa ya kaboni, na kwamba hayo ni mambo ya nchi zenye viwanda. Sisi hapa tunachafua nini, aliuliza, na hatuna hata kiwanda kimoja chenye bomba refu la moshi? Wengi wakacheka. Mwenzetu mmoja hakucheka. Asubuhi ile alikuwa ametoka kituo cha afya na mtoto wake mwenye nimonia, mara ya tatu tangu mwaka uanze. Akasema tu: kwangu kiwanda kiko jikoni.

Basi tuanze na Butembo yenyewe. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,700, na kila anayelala hapa anajua baridi ya saa kumi usiku. Kwa ajili ya baridi hiyo tunajenga jiko dogo, dirisha dogo, mlango tunaufunga. Ukisimama juu ya kilima chochote alfajiri, unaona bonde limejaa kitu cheupe. Wageni wanadhani ni ukungu. Nusu ni ukungu, nusu ni sisi: kuni, makala, takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba, matanuru ya matofali pembeni ya mji. Baadaye, mji ukiamka, zinaongezeka pikipiki na yale majenereta ya mazuti na esansi yanayonguruma mbele ya maduka. Hewa ya baridi ni nzito, inakaa chini, na moshi unakaa nayo hadi jua lipande. Ndiyo maana asubuhi watoto wetu wanakwenda masomo wakipita ndani ya moshi wa mji mzima.

Tulifanya jaribio dogo kabla ya safari. Tulitundika vitambaa vyeupe juu ya moto, kimoja katika jiko la kuni, kingine katika jiko la makala, kwa siku saba. Cha kuni kilitoka rangi ya chai kavu. Cha makala kilibaki karibu cheupe. Wamama wa makala walifurahi sana, wakajiona wako salama, na hapo ikabidi tusimame tueleze.

Makala yanapowaka hayatoi moshi mwingi wa kuonekana, hiyo ni kweli. Lakini yanatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, mwili unalegea, mtu anadhani ni uchovu. Kila msimu wa baridi tunasikia habari ya watu walioingiza babula chumbani ili wapate joto, wakafunga mlango, wasiamke. Tunaliandika hapa bila kulizunguka: babula isilale ndani pamoja na watu. Hata kama mtoto analia kwa baridi. Mvalishe, mfunike, mlaze kifuani, lakini babula ibaki nje.

Jambo la pili juu ya makala tuliliona barabarani.

Ukitoka Butembo kuelekea Beni, vilima vya kwanza vimejaa mikaratusi, miti ambayo watu wameipanda ili waikate. Tunaiheshimu miti hiyo. Bila yenyewe tungekuwa tumekwisha kula msitu wote. Halafu unaanza kuona magunia. Yamesimama kando ya barabara mawili mawili, matatu matatu, yamefunikwa majani juu na kufungwa kamba. Yanapita juu ya malori, nyuma ya pikipiki, juu ya chukudu zinazoteremka kwa kasi na kijana mmoja akiwa amepiga goti juu yake. Tulijaribu kuyahesabu, tulipopita mia moja tukaacha, maana dereva alikuwa anatucheka.

Sisi tunaofundisha hatuwezi kukaa mbali na ubao, kwa hiyo mtuvumilie hesabu moja. Ili kupata kilo 1 ya makala katika tanuru la udongo, lile la kienyeji, mchomaji anatumia kuni kilo 6 hadi 10. Sasa hizo kilo nyingine zimekwenda wapi? Sehemu ni maji yaliyokuwa ndani ya mti. Sehemu kubwa imepanda juu ikiwa moshi na hewa za kaboni, kule kule porini, siku nyingi kabla gunia halijafika sokoni. Kwa hiyo mama wa mjini mwenye kitambaa cheupe hajaondoa moshi. Ameulipia uachwe mahali pengine. Anauvuta mchomaji, pamoja na mke wake na watoto wanaolinda tanuru usiku, na unaobaki unakwenda kwenye anga la wote.

Watalaamu wanakadiria kwamba kuni na makala ya dunia nzima vinatoa kama sehemu 2 katika kila 100 ya hewa zinazopasha dunia joto kutokana na kazi za binadamu. Ni kidogo ukilinganisha na makaa ya mawe, magari na viwanda vya nchi tajiri. Mwenzetu wa kwenye mkutano alikuwa na haki: si babula ya Butembo iliyoharibu majira ya mvua. Kama deni hilo lingegawanywa kwa haki, sisi tungelipa mwisho kabisa. Lakini hewa ya kaboni na masizi vinatoka kwenye moto ule ule. Ukipunguza moto mchafu kwa ajili ya mapafu ya mtoto wako, umepunguza na ule wa anga bila kumwuliza mtu ruhusa. Tena faida hizo mbili hazifiki siku moja. Ile ya majira ya mvua itachukua miaka, na inagawanywa kwa dunia yote, na waliochafua zaidi wakiwemo. Ile ya kifua inaingia wiki ile ile, na inabaki ndani ya nyumba iliyozima moshi. Tukielewa hili, hatutakuwa na haja ya kungoja mikutano ya wakubwa.

Waingereza walijifunza hivyo. Mwezi wa Desemba 1952, mji wa London ulifunikwa na moshi wa makaa ya mawe kwa siku tano, baridi ikaushikilia chini kama inavyoushikilia bondeni kwetu, na maelfu ya watu walikufa, wengi wakiwa wazee na watoto wachanga. Mwaka 1956 bunge lao lilipitisha sheria ya hewa safi. Wakati ule watu wa kawaida hawakuwa wakizungumza juu ya kaboni na majira. Walitaka kupumua.

Beni tuliikuta na jua. Mji huu uko chini kuliko Butembo, joto lake ni jingine, na wamama wengi wanapikia nje, chini ya paa la majani lisilo na kuta, au uani tu. Kwa upande wa moshi wamama wa Beni wanatushinda bila kutumia hata faranga moja. Tulimwona bibi mmoja akigeuza kiti chake kila upepo ulipogeuka, bila hata kukatisha hadithi aliyokuwa akisimulia. Kando yake kakao ilikuwa imeanikwa kwenye turubai, na harufu yake ya uchachu ilizidi ile ya kuni.

Lakini Beni ni mji uliochoka kuhesabu wafu, na hatukuweza kuzungumza nao juu ya moshi bila kusikia mengine. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika teritwari ya Beni hayajakoma. Shamba ni mahali mama anapokwenda akimwachia jirani mtoto na maneno ya kuaga. Kuni ziko shambani. Makala yanatoka kule kule. Mama mmoja alituambia kwamba yeye hanunui tena mzigo mkubwa wa kuni kwa mtu asiyemjua, maana kila mzigo anajiuliza umetoka wapi na ni nani aliyeukata akiwa anatetemeka. Hilo halimo katika vitabu vya hewa na afya. Tunaliweka hapa kwa sababu, kwa mama wa huku, kupunguza kuni nusu ni kupunguza pia nusu ya safari za kwenda mahali pa kifo.

Tulikumbushana pia habari za Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikamalizika tarehe 25 Juni 2020, na watu 2,287 walikufa. Kila mtu wa Beni na Butembo anakumbuka maji ya klorini mlangoni, na kipimo cha joto kwenye paji la uso. Moshi hauna tangazo la namna hiyo. OMS, Shirika la Afya Duniani, linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiofikia miaka 5. Hakuna aliyekuja kutupima mlangoni kwa ajili ya huo. Mtoto anakufa, watu wanasema alikuwa na kifua, wanazika.

Ni vizuri tujue namna unavyoua. Ndani ya moshi mna chembe ndogo sana. Zile mbaya zaidi zina upana usiozidi mikromita 2.5, maana yake ukizipanga kama 30 upande kwa upande zinajaza upana wa unywele mmoja. Pua haiwezi kuzizuia. Zinashuka hadi mwisho wa mapafu, pale hewa inapoingia kwenye damu, na nyingine zinapita ndani ya damu yenyewe. Kwa mtoto zinadhoofisha ulinzi wa mapafu, nimonia inaingia kwa urahisi. OMS inasema moshi wa nyumbani unakaribia kuongeza hatari hiyo mara mbili. Kwa mama mtu mzima ni moyo, shinikizo la damu, kiharusi, ugonjwa wa mapafu usiopona, na macho yenye mtoto wa jicho. Kwa mwenye mimba ni mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Jiko la moshi lisilo na mahali pa kutokea hewa linaweza kuwa na chembe hizo mara 100 kupita kiasi kinachokubalika. Na nani anakaa humo? Mama, binti anayemsaidia, na mtoto wa mgongoni, ambaye pua yake iko juu kidogo tu ya sufuria.

Kutoka Beni hatukuondoka mara moja. Tulingoja gari zikusanyike zisafiri pamoja na wanajeshi kwenye barabara ya Kasindi. Njiani watu wananyamaza. Barabara inateremka, joto linapanda, na sehemu moja inapita ndani ya Mbuga ya Virunga, ile iliyoundwa mwaka 1925 na kuwekwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1979. Kukata kuni na kuchoma makala ndani yake ni marufuku, na walinzi wengi wa mbuga wamekufa katika kazi hiyo. Yapo makala yanayotoka humo hata hivyo. Nani asiyejua?

Baada ya daraja la Semuliki tuliuona mlima. Kwa kawaida unajificha ndani ya mawingu hata wiki nzima, lakini siku hiyo ulifunguka kama nusu saa, na dereva alipunguza mwendo bila kuombwa. Juu kabisa, mita 5,109, palikuwa na weupe kidogo, kama chumvi iliyomwagika. Hiyo ndiyo nzururu, theluji ya wazee wetu, ambayo ndugu zetu wa upande wa pili wa mlima waliipa nchi yao jina la Rwenzururu. Mwaka 1906 msafara wa mtawala wa Abruzzi kutoka Italia ulipanda na kuchora ramani ya barafu hiyo. Wakati ule ilienea kwenye milima sita ya Ruwenzori, kama kilomita za mraba 7. Kufikia mwanzo wa karne hii ilibaki kama kilomita 1 tu. Katika mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu yote iliyobaki Afrika, pamoja na hii yetu, inaweza kuisha kufikia 2050. Watoto tunaowafundisha leo watakuwa watu wazima. Watasema Rwenzururu bila kuona nzururu yenyewe.

Tusiwadanganye: maji ya Mutwanga hayategemei sana barafu hiyo, yanategemea mvua inayoanguka mlimani na msitu unaoishika. Lakini mvua nayo imebadilika, kila mkulima anawaambia. Msitu ukikatwa, mto unakuja na matope siku moja na kukauka siku nyingine. Kwa hiyo gunia la makala na taa ya umeme wanagombania mti mmoja.

Mutwanga ni mahali pazuri. Maji unayasikia kabla ya kuyaona, yanashuka kati ya mawe makubwa, baridi kiasi cha kuumiza meno. Hapo mwaka 2013 mbuga ya Virunga iliwasha kituo chake cha kwanza cha umeme wa maji, kidogo, kama kilowati 400. Baadaye kikaongezwa kingine kikubwa zaidi, na kule Rutshuru kikajengwa Matebe chenye megawati 13.6. Namna kinavyofanya kazi ni rahisi kueleza hata kwa mtoto wa darasa la nne: sehemu ya maji inageuzwa kutoka mtoni, inaingizwa ndani ya bomba linaloteremka, inagonga gurudumu, gurudumu linazungusha mashine, maji yanarudi mtoni yalivyokuwa. Hakuna mazuti, hakuna moshi. Kikatokea kiwanda cha sabuni ya mawese. Mashine za kusaga unga zilizokuwa zikinguruma kwa mazuti zikahamia kwenye waya. Tulisimama mbele ya moja. Mwenye kusaga alizungumza nasi bila kupiga kelele, na ukuta nyuma yake, uliokuwa mweusi wa mazuti, alikuwa ameupaka rangi ya bluu. Usiku watoto walisoma chini ya taa. Ile taa ya petroli, yenye masizi yake, tuliikuta moja tu, inaning'inia stoo.

Kisha tukaingia jikoni.

Tuliingia katika majiko saba. Taa ya umeme ilikuwa katika yote saba. Na chini ya taa, katika yote saba, ilikuwa babula au mafiga matatu. Balbu katika jiko la mama mmoja ilikuwa imefunikwa masizi hata ikatoa mwanga wa njano. Anaipangusa kila Jumamosi, alisema, kama anavyopangusa sufuria.

Tuliuliza kwa nini. Majibu hayakuwa ya ujinga hata kidogo. Wa kwanza alisema umeme unalipwa kabla ya kuutumia, na unapungua huku unauona, wakati makala anaweza kununua ya kikopo kimoja, ya leo tu. Wa pili alisema aliwahi kutumia kile kijiko cha umeme chenye waya mwekundu, kikala pesa ya wiki moja katika maharagwe ya siku mbili. Wa tatu alisema umeme ukikatika saa kumi na moja jioni, watoto hawawezi kula giza. Wa nne alitaja bundu: kuusonga kunahitaji sufuria iliyosimama imara na mikono miwili yenye nguvu, na sahani ya umeme inacheza. Wa tano alisema mume wake hajaombwa bado. Alilisema kwa kucheka, na sisi tulicheka, lakini tunajua wote maana yake: pesa ya balbu na ya televisheni inatoka bila mkutano, pesa ya jiko inangoja mkutano.

Hapa ndipo tunaposimama tofauti na wale wanaohesabu nguzo na kusema kazi imekwisha. Umeme ulioishia sebuleni haujagusa kikohozi. Umeondoa petroli ya taa na mazuti ya mashine, na tunashukuru, lakini moto mkubwa wa nyumba ni wa chakula, na huo haujaguswa.

Na babula zilizoboreshwa? Wengi wenu mnazo, au mmezisikia. Kuanzia 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF ulipandisha miti ya makala katika Kivu ya Kaskazini na kusambaza babula zinazotumia makala machache. Sisi tunazipenda. Zinaokoa pesa na miti. Lakini kwa kifua, hazitoshi peke yake. Nchini Malawi watafiti walifuata watoto zaidi ya 10,000 vijijini, nusu ya nyumba zikiwa na majiko bora ya kuni yenye feni ndogo, nusu zikibaki na moto wa kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2016: nimonia haikupungua. Walioungua moto walikuwa wachache zaidi, na hilo si dogo, lakini nimonia ilibaki pale pale. Sababu mojawapo waliyoitoa inatuhusu moja kwa moja: mtoto alikuwa bado anavuta moshi mwingine, wa takataka zinazochomwa, wa jirani, wa sigara, wa taa. Nyumba moja haiwezi kujitengea hewa yake.

Kwa hiyo tuliporudi tulikaa na chama, na haya ndiyo tuliyokubaliana. Msichukue kama amri.

Maharagwe yanalowekwa tangu jioni. Huu ni ushauri wa bure na ndio unaookoa moto mwingi kuliko wote. Yakichemka vizuri nusu saa, sufuria yenye kifuniko inaingizwa katika kikapu kilichojazwa majani makavu ya ndizi na blanketi kuukuu, inafunikwa kabisa, na inajipika yenyewe kwa joto lake saa tatu au nne. Tulijaribu mara tatu. Mara ya kwanza blanketi lilikuwa jepesi na maharagwe yalitoka magumu, wazee wa nyumba wakasema mengi. Mara mbili zilizofuata hawakujua tofauti.

Kuni zinakauka juu ya kichanja kabla ya kutumika, maana kuni mbichi ndiyo mama wa moshi. Dirisha la jiko linakatwa upande wa pili wa mlango, ili hewa ipite, na tundu linaachwa juu ukutani. Mtoto mchanga anakaa na dada yake nje ya jiko. Hilo limeleta ubishi, kwa sababu dada huyo ana masomo, na hatujapata jibu linalofaa kila nyumba. Takataka za plastiki hazichomwi uani. Tumeomba wakubwa wa mitaa yetu miwili watupe shimo moja la pamoja, na tunangoja.

Jambo kubwa ni sufuria za umeme za presha. Sufuria ya namna hii inajifunga na kuzuia mvuke, na inaivisha kilo moja ya maharagwe makavu kwa umeme usiofika uniti 1. Ni tofauti kabisa na kile kijiko cha waya mwekundu kilichomkasirisha mama wa Mutwanga, kwa sababu joto halikimbii. Bundu haiwezi kuusonga, tuseme wazi, na kwa bundu babula itabaki. Lakini maharagwe, nyama ngumu, sombe na mahindi ndivyo vinavyokula makala yetu, si bundu.

Bei yake inashinda mkono wa mmoja wetu, haishindi mikono kumi na miwili. Likelemba yetu ya mwezi, ambayo mpaka sasa ilikuwa ya vitenge na karo za masomo, itanunua sufuria moja kila mzunguko. Wenye umeme nyumbani ni wanane kati yetu; wanne wasio na waya watapewa babula bora na bati la kupanua dirisha, na zamu yao ya sufuria itabaki imeandikwa mpaka umeme ufike mtaani kwao. Zamu hazikupigwa kura kama kawaida. Tulipanga kwa umri wa mtoto mdogo wa nyumba, na ya kwanza imekwenda kwa nyumba yenye mtoto wa wiki tano. Mama huyo ameombwa aandike kwenye daftari, kila Jumapili kwa miezi mitatu, mambo mawili tu: vikopo vya makala alivyonunua, na siku ambazo mtu wa nyumba yake alikohoa. Daftari jingine kama hilo limepewa nyumba ya jirani yake ambayo bado inapikia makala. Hesabu za mwezi wa kwanza tutazichapisha hapa hapa, zikiwa nzuri au mbaya.